Herufi za Unga wa Tangawizi

Harufu ya mdalasini, karafuu na tangawizi ikinifikia popote nilipo, akili yangu hurudi kwenye jiko la Mama Aline, ghorofa ya tatu, Akalla, huko Uswidi, Desemba ile nilipokuwa na miaka minane. Nje giza liliingia saa tisa alasiri na theluji iligandamana kwenye vioo. Ndani tanuri liliwaka, redio ilipiga muziki wa Kongo, na meza nzima ilikuwa nyeupe kwa unga. Mimi na mdogo wangu Daudi, wa miaka sita, tulisimama juu ya viti tukikata herufi kwa visu vya siagi kutoka kwenye donge la biskuti za tangawizi, zile ambazo Waswidi huzioka kila Krismasi. Hatukwenda pale kujifunza kuoka. Tulikwenda kujifunza kuandika Kiswahili, kwa ajili ya bibi yetu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa fundi cherehani Morogoro. Kila Jumapili tulizungumza naye kwa simu, mpaka mwaka ule alipougua homa kali, na alipopona masikio yake hayakusikia tena. Kilichobaki kilikuwa ujumbe wa maandishi. Mama hakuona shida, akatukabidhi simu yake tumsalimie wenyewe. Kiswahili tulikizungumza nyumbani, lakini kuandika tulijua kwa Kiswidi tu, kama tulivyofundishwa shuleni, na katika Kiswidi herufi o husomeka kama u yetu, na j husomeka kama y. Basi nilitaka kumwambia kwamba jana tulikula kuku, nikaandika kwa raha zangu: "Bibi jangu, djana tolikola koko. Alikoa mtamo sana."

Jibu lilikuja upesi. "Mwanangu, ni njaa gani hiyo iliyowapata huko hata mnawalisha wajukuu wangu mbwa koko? Semeni niwatumie dagaa." Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yakimtoka. Kisha kicheko kikakatika, akabaki ameishika simu mapajani. "Wanangu hawawezi kuongea na mama yangu," alisema, na hakuwa akituambia sisi. Mimi niliyekuwa nikijiona hodari wa kuandika kuliko darasa zima nilitamani kujificha chini ya meza.

Jumamosi mama alikuwa kazini, akitunza wazee, kwa hiyo alimwomba jirani yetu atufundishe kuandika. Mama Aline alikuwa amefundisha darasa la kwanza kule Uvira kabla ya kukimbia vita, na sasa alipika katika jiko la shule moja Vällingby. Mama alikuwa na wasiwasi kidogo kwamba Kiswahili cha Kongo kingetuchanganya. Mama Aline alicheka tu. "Dada, miye nasemaka batoto, weye unasema watoto. Lakini kwa karatasi tunaandika watoto, voilà. Nileteye."

Kanuni yake ilikuwa moja: neno lililoandikwa sawa linaingia kwenye tanuri na mwandishi analila, lililokosewa linakandwa upya. Alitufundisha u kwa kutuambia tukaze midomo kama tunaopuliza chai. Jumamosi ya kwanza nilikula "kuku" mara nne, kwa hasira. Daudi hakula chochote. Kila alipoulizwa alijibu kwa Kiswidi, kwamba hawezi, na donge lake lilikandwa mpaka likawa la kijivu. Mama Aline hakumkaripia. Alimkatia kipande kipya na kumuuliza, "Weye unataka kumwambia Bibi kitu gani?" Daudi akakisukuma kipande pembeni. Hakutaka kumwambia Bibi chochote kilichochaguliwa na watu wengine.

Jumamosi ya tatu, Daudi akiuma pembe ya herufi yangu aliyoiiba, jino lake la mbele lilitoka. Alilitazama kiganjani, akapanda juu ya kiti bila kuambiwa, akaanza kukata. Alianza na "djino". Mama Aline akatikisa kichwa. Daudi akaweka y, "yino", Mama Aline akatikisa tena. Akalitamka taratibu, damu kidogo mdomoni, akaondoa y na kuweka j peke yake. Alichukua karibu saa nzima, na mimi nilikatazwa kumsaidia. Kisha tukanakili maneno yale kwenye simu ya Mama Aline kama yalivyokuwa mezani: "Bibi jino langu limetoka. Daudi."

Bibi alijibu: "Hongera, mume wangu! Usiliweke ndani. Litupe juu ya paa, uote lingine zuri." Daudi aliyasoma mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno. Wenzake darasani waliyaweka meno yao kwenye glasi ya maji usiku, wakute sarafu asubuhi, lakini yeye alikwisha kuvaa viatu. Paa la jengo letu lilikuwa juu mno, hivyo tulikwenda kwenye kibanda cha baiskeli, Mama Aline akiwa na aproni chini ya koti. Daudi alikosa mara mbili, tukalitafuta jino jeupe kwenye theluji nyeupe, tukicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Mara ya tatu likakaa. Jioni ile mama alirudi, akasoma mazungumzo yale kwenye simu ya jirani yake, akaomba ayasome tena.

Sasa Bibi ametangulia, na mama amestaafu akarudi Morogoro. Binti yangu ana miaka sita. Anaisemesha simu, nayo inaandika bila kosa, na bibi yake anamjibu kabla hatujafika kituo cha treni. Sisi tulihitaji wiki tatu na kilo kadhaa za unga kwa sentensi moja, na siwezi kudai kwamba njia yetu ilikuwa bora. Ila mwaka jana alimwandikia bibi yake kadi kwa mkono, nami nikamsahihishia kila neno kabla ya kuituma. Mama alinipigia simu. "Hii umeandika wewe," alisema. "Wewe nakujua. Nitumie ya mtoto." Tangu hapo kadi tunaiposti Ijumaa, na makosa tunayashughulikia Jumamosi.