Mzee Aliyezima Nusu ya Kompyuta

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta hapa Tibirinzi, bibi mmoja akaleta mashine ya marehemu mumewe.

"Inajikokota, mwanangu."

Fundi akafungua kidirisha cheusi, akaandika amri ya kukagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akanyanyua nyusi. "Bi mkubwa, prosesa hii ina viini vinne vya kufanyia kazi. Mzee kaiandikia amri izime viwili kila ikiwaka, isile umeme."

Bibi akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ndiye huyo! Ukitoka ukumbini kwenda kutia udhu, ukirudi taa kaizima."

"Niviwashe?"

"Viache. Nina haraka ya wapi?"

Marehemu baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Niliporudi nyumbani nikawasha taa ya ukumbini mchana kweupe, nikangoja kugombezwa. Nyumba nzima kimya.