Salamu ya Kusimama

Juma lililopita tulimzika jirani yangu wa hapa Bulyaga, mwalimu mstaafu wa sayansi na mzee wa kanisa, na mvua ya Tukuyu haikutupa nafasi hata ya kumfukia kwa udongo mkavu. Habari za kifo chake nililetewa na mama yangu, ambaye siku zote huzipata kabla yangu mimi ninayejidai mtu wa magazeti. Moyo ulisimama akiwa kitandani, basi. Pale msibani, wanaume tukiota moto, bwana mmoja akasema, "Sasa mbio zote zile zimemsaidia nini?" Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza, ingawa maelezo yenyewe hayanipendezi.

Wasomaji wa mbali wajue kwamba huku kwetu mtu mzima hakimbii ovyo. Ukimwona anakimbia, ama kuna mwizi, ama kuna msiba. Mwalimu alipoambiwa na daktari kwamba ana kisukari na lazima afanye mazoezi, alinunua raba na traksuti ya mtumba, akatoka asubuhi moja akishuka mbio kwenye ukungu. Akina mama waliomwona waliacha majembe, wakajifunga khanga viunoni, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Mkewe alipofungua mlango alikuta uani pamejaa, na mmoja ameshaanza kulia. "Ni nani?" wakamwuliza. "Hajafa mtu," akajibu mama wa watu. "Daktari kamwambia akimbie." Wakatazamana. "Akimbie aende wapi?" "Aende, halafu arudi hapa hapa." Kisa hicho kilichekesha mji huu kwa miaka. Lakini tusiwacheke sana wale mama. Sisi tuliokulia kutembea hadi Ikuti na mkungu wa ndizi kichwani hatukuhitaji daktari wa kutuambia tutoe jasho. Kisha likaja soko huria, na pamoja nalo pikipiki, soda kila kona na mafuta ya kupikia ya kumwaga. Sukari tuliyoipangia foleni zamani ikafurika madukani, na leo foleni imehamia kliniki.

Lawama ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza: mwalimu anapita bila kusalimia. Kwetu salamu si neno moja. "Ugonile" ni kubisha hodi tu, maana ndani yake kuna watoto, migomba, na ng'ombe aliyekuwa akikohoa juzi. Daktari naye alikuwa amemkataza kusimamasimama. Basi mwalimu akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwamba kuanzia sasa atasalimia huku anakimbia, mkono juu, na asionekane mwenye kiburi. Watu wakamkubalia. Hata vyama vingi vilipoingia na kila upande ukamletea fulana, alizivaa zote mbili, moja juu ya nyingine, akasema baridi ya Tukuyu haina chama. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na mimi, niseme ukweli, alikuwa akiniudhi.

Mjini ilipofunguliwa intaneti kafe ya kwanza, tulianza kukutana kwenye jukwaa moja la watu wa kwetu walioko huku na huko duniani. Kila mmoja alijipa jina la kutisha. Mimi nilikuwa Radi. Mwalimu peke yake aliandika kwa jina alilobatizwa nalo, na kila alipoingia alianza kwa kuwasalimu wote na kuuliza kama mvua zimenyesha. Siku moja akaandika juu ya mahubiri ya vipaza sauti yaliyokuwa yakivuma wakati ule, ambako wagonjwa walihimizwa kutupa dawa. "Mwombe Mungu, na umeze dozi yako," alisema. "Mungu hachukii kimojawapo." Maneno mepesi, lakini mimi yalinichoma, kwa sababu mama yangu naye ana kisukari, na alikuwa ameacha dawa majuma mawili kwa ushauri wangu. Ni mimi niliyempeleka kwenye mahubiri yale. Nilikuwa nimechoka na kliniki, nikataka muujiza uniondolee safari. Nikaona ananisema mimi. Nikaandika kwamba mwalimu ni mnafiki, anajisifia mbio wakati kila asubuhi anajificha nyuma ya mkaratusi mmoja kando ya njia, ameshika goti, akijifanya anafunga kamba za viatu. Na kwamba asiye na imani, hata miguu yake humkana. Watu walifurahi mno. Nilitoka pale nimenyanyua kichwa kama niliyeshinda kesi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliupita mkaratusi, akaja kusimama langoni kwangu. "Ugonile, jirani. Mama ameamkaje?" Nikamwambia daktari si amemkataza kusimama. "Goti, jirani. Nipumzike kidogo." Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Aliuliza habari za watoto, za migomba, kisha za mama, kwamba hajamwona kliniki. Nilimdanganya kuwa yuko salama. Siku moja mama mwenyewe akajibu toka barazani: "Salama gani, mwalimu? Dawa nimeacha. Nyayo zinawaka moto." Mwalimu hakunitazama. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mama," akasema. "Twende leo." Tukaenda, yeye na traksuti yake iliyolowa, akimshikia mama mwavuli njia nzima. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kidonda ambacho hatukukijua. Daktari alisema tungechelewa mwezi mmoja, wangeukata. Mama yuko hai, anatembea kwa miguu yake miwili, na ndiye aliyeniletea habari za msiba.

Kumshukuru nilimshukuru. Kumwambia kuwa mimi ndiye Radi sikuthubutu, na nilijifariji kwamba hajui. Baada ya mazishi nilimwambia mjane wake kwamba nitakumbuka sana alivyokuwa akipumzisha goti langoni kwangu kila asubuhi. Akaniangalia kwa upole. "Goti alilipumzisha mkaratusini miaka yote, baba. Kwako hakupumzika. Alikuwa akisema salamu ya kupita ni ya watu wasio na neno kati yao. Mwenye neno nawe unamsimamia mpaka liishe." Nikamwuliza kama alijua lilikuwa neno gani. "Alinionyesha yale maandishi," akasema. "Akaniambia, mkaratusi ule unaonekana kutoka lango moja tu Bulyaga."

Miaka yote hiyo alijua. Alisimama langoni kwangu hadi asubuhi ya mwisho ya uhai wake, kwa sababu neno lilikuwa bado halijaisha, na halikuisha kwa sababu mimi sikulisema. Nimelia, sioni aibu kuandika hivyo. Yule bwana wa pale msibani aliuliza mbio zilimsaidia nini. Mimi najua kusimama kwake kulimsaidia nani. Basi Radi ni mimi, na nimelikiri hapa, chini ya jina langu, kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma kila juma. Msomaji wangu, kama kuna mtu mwenye neno nawe, usimpungie mkono ukapita. Na kama mkosaji ni wewe, na mtu anasimama langoni kwako kila siku, toka umwambie angali hapo.