Sanduku Lisilo na Uso

Nikimkumbuka mdogo wangu, kwanza namwona amepiga magoti nyuma ya kabati, akitoboa ukuta wa sebule yake kwa patasi, nami nimeshika waya upande wa pili. Ukuta huo nilikuwa nimeujenga mimi. Nilimwona akiuharibu nikanyamaza, kwa sababu yeye alikuwa mwalimu katika chuo cha ufundi, na mimi ni mwashi niliyeishia darasa la saba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba yake iliyo nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa kuelekea Khayega. Alikuwa amepata kompyuta ndogo ya mezani, iliyochakaa. Waya wa simu aliuingiza nyuma yake. Waya mwingine akaupitisha kwenye lile tundu mpaka chumba ambamo mke wake aliwapigia watu chapa kwa kompyuta yake mwenyewe. Alipomaliza, akachomoa skrini na kibodi ya ile ndogo, akavipeleka chumbani. Likabaki sanduku tupu linalovuma chini ya meza.

"Sasa itaonaje?" nikamuuliza.

"Haihitaji kuona, kaka. Wala kuonekana."

Nyuma ya ukuta shemeji akacheka. Nilicheka pia, lakini uso uliniwaka. Mdogo wangu akaliona hilo, akaketi sakafuni.

"Unajua sanduku la posta la kanisa? Barua zetu sote huja kwa namba moja. Karani anazichukua mjini, Jumapili baada ya ibada anaita majina. Sasa hii ndiyo karani. Kila jioni itapiga simu Kisumu yenyewe, ilete barua, izitunze. Huyu wa chumbani akitaka yake, anaipata. Nikileta kompyuta nyingine kesho, nayo itapata. Laini ni moja, karani anaigawa."

Hilo nililielewa. Sijui kama aliwahi kujua jinsi nilivyoshukuru.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo. Binti akaanza kumwandikia kwa njia hiyo. Kila Jumapili mama huyo alipitia hapo akitoka kanisani, na mayai kwenye kikapu, akaketi, na shemeji akamsomea. Mara ya mwisho barua ilisema binti ana mimba, na daktari hapendi hali yake. Mama akaondoka akisema atafunga na kuomba.

Kisha mdogo wangu akaugua kifua, akalazwa, akafa.

Wakati wa matanga nililala sebuleni kwake. Kila jioni lile sanduku lilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, likaongea na Kisumu, likanyamaza. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusoma lilichokuwa limeleta.

Siku ya kunyoa nywele, ya kumaliza matanga, wazee waliketi uani kugawa vitu vya marehemu. Kwetu mjane hasemi neno siku hiyo. Mimi nilipewa koti lake jeusi. Baiskeli ikaenda kwa binamu. Kisha vikatolewa vya ile kompyuta ndogo, kimoja kimoja, kama vyombo vya jikoni.

"Televisheni hii apewe dada yake," alisema baba mdogo, aliyeongoza ugawaji.

"Hiyo si televisheni," kijana mmoja akasema.

"Basi ni nini, na ina kioo?"

Kibodi ikapewa shangazi. Likabaki sanduku, na mjomba wetu kutoka Malava alikuwa bado hajapata kitu. Baba mdogo akaliinua kidogo kupima uzito wake, akaridhika. Mjomba wa marehemu hapewi kitu chepesi.

Shemeji akanitazama. Nikasimama.

"Hilo lisiondoke," nikasema. "Linapokeanga barua."

"Za nani?" baba mdogo akauliza.

"Za watu. Zinakuja kwa simu."

"Simu si ile ukutani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi ile ya ukutani inafanya kazi gani?"

Nilikuwa na mfano wa karani wa kanisa, mzima, kinywani. Haukutoka. Mmoja akasema liwashwe tuone. Tukalichomeka kwenye waya wa stima wa spika za matanga uliokuwa uani. Likalia mara moja, pii, likaanza kuvuma. Watu wakangoja. Halikuwa na uso wa kuonyesha chochote.

Nyanya yetu, aliyezoea kuniita mume wake, kama nyanya wanavyowatania wajukuu, akasema, "Mume wangu, barua yenyewe ndiyo hiyo pii? Nisomee."

Uwanja mzima ukacheka. Ulikuwa msiba wa mdogo wangu, nao walicheka kwa sababu yangu. Nikaketi. Mjomba, naye akicheka, akalifunga sanduku kwenye gunia, akaenda nalo.

Jumapili iliyofuata mama jirani akaja. Alitupa pole tena, akaweka kikapu chini, akaketi mahali pake. Shemeji akaenda kwenye kompyuta yake, akajaribu, akarudi mikono mitupu.

"Kila kitu kilikuwa kwenye lile sanduku," alimwambia. "Hata zilizokuja mume wangu akiwa hospitali ziko humo."

Mama hakulalamika. Aliuliza tu, "Kwa hivyo kama amejifungua, imeandikwa, na iko Malava?"

Kitu cha marehemu kikishatolewa hakidaiwi. Nilijua hivyo, na bado asubuhi yake nilikwenda Malava nikiwa nimevaa lile koti, nikipanga maneno njia nzima.

Mjomba hakuwa na stima wala simu. Nilitarajia kulikuta sanduku stoo, au limekaliwa na mtungi. Lilikuwa sebuleni, juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma cha marehemu mke wake. Mbele yake palikuwa na kiti kimoja.

"Nilisikia ukisema linapokea barua," mjomba aliniambia. "Ninakaa hapa kila jioni. Halijapokea."

Kule uani kwetu nilidhani nimeaibika. Sikuwa nimeaibika bado. Nikamwambia ukweli: bila stima haliamki, na bila waya wa simu halipati kitu, na siku ile sikuyasema hayo.

"Ulikuwa umechekwa," akasema. "Mtu aliyechekwa hamalizi maneno. Na mimi nilicheka."

Nikamweleza habari ya mama jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakitoa kile kitambaa, akakikunja vizuri. Hakuniomba kitu. Nilivua koti la mdogo wangu nikampa, naye akalivaa papo hapo, mikono ikampita vidole.

"Jumapili nitakuja," akasema. "Nione likifanya kazi."

Akaja. Shemeji alikuwa amelirudisha sanduku chini ya meza na kuunganisha waya kama alivyomwona mume wake akifanya. Mama jirani alikuwa mahali pake, mjomba karibu na meza ndani ya lile koti. Shemeji akatoka chumbani na karatasi, akasoma akiwa amesimama. Binti amejifungua mtoto wa kike. Alipasuliwa, lakini wote wawili ni wazima. Mama akainama akafunika uso kwa leso.

Shemeji akaendelea mpaka mistari ya chini, akapunguza sauti. Barua iliandikwa kabla binti hajasikia habari za msiba wetu. "Nisalimieni mwalimu. Mwambieni namshukuru kwa mashine yake."

Kwetu salamu hazining'inizwi hewani. Lazima apatikane wa kuzipokea. Shemeji alinitazama tena, kama siku ile, nami nikasimama, bado nikitafuta maneno.

"Zimefika," mjomba akasema.