Ini Lililokataa Kufa

Ini lililochemshwa halitoi povu.

Hilo nilifundishwa chuoni, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata. Sasa niambieni kwa nini la kwangu lilitoa.

Nilikuwa mgeni pale shuleni. Niliajiriwa kutunza maabara baada ya aliyekuwepo kufariki. Wasichana walimwita Mama Maabara. Koti lake jeupe lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, na mwandiko wake uko kwenye kila chupa. Asubuhi kabla ya kuingia nilikuwa napiga hodi. Sijui nilikuwa nampigia nani.

Mumewe ndiye alikuwa mwalimu wa baiolojia.

Watu walisema amepoa. Alirudi darasani mapema, tai imenyooka, anatania. Hata mimi nilisema moyoni, huyu mzee ni chuma.

Siku mkasa ulipoanza alikuwa anafundisha vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi ndani ya seli. Aliwaeleza kwamba ng'ombe akichinjwa, seli zake haziambiwi. Oksijeni haiji tena, vinu vidogo vya nishati vinazimika kimoja kimoja, lakini vimeng'enya vinaendelea kuchapa kazi kana kwamba hakuna msiba. Ukitaka kuvikomesha, vichemshe.

Nikaleta maini. Sahani ya mabichi, sahani ya yaliyochemshwa.

Wasichana wakayamiminia peroksaidi, dawa ambayo vimeng'enya vya ini huivunja ikatoa oksijeni. Bichi likaumuka povu, kama kawaida. Lililochemshwa lilitakiwa litulie tuli.

Likaanza kupanda. Taratibu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama.

Mwalimu akawasha kijiti, akakipuliza kikabaki na kaa tu, akakiingiza juu ya lile povu.

Kikawaka tena. Oksijeni ile ile.

"Dada, huyu ng'ombe hajakubali kufa," akasema msichana mmoja wa nyuma, na wenzake wakacheka.

Kisha mwingine, kwa sauti ndogo: "Ni Mama. Amerudi kazini."

Hakuna aliyecheka tena.

Nilimgeukia Mwalimu nikijua atakemea. Hakukemea. Alikuwa analitazama lile povu, na sijawahi kuona mtu akitazama povu vile.

Darasa lililofuata ikawa vilevile. Na jingine. We acha tu, maneno yakatambaa shule nzima. Wapo waliogoma kuingia maabara, wapo walioapa koti linatikisika. Mwalimu naye akawa haendi nyumbani. Kengele ya mwisho ikilia, anabaki kwenye stuli mbele ya povu, midomo inacheza.

Mkuu wa shule akaniita. Alisema kwa upole kwamba habari za mizimu zikiendelea, itabidi Mwalimu apumzishwe kufundisha.

Darasa ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinamtoa yule mzee kitandani.

Asubuhi iliyofuata nilichemsha ini kama nilivyozoea, pande zima sufuriani, hadi maji yakawa na rangi ya kutu. Safari hii sikusubiri wasichana walikate mezani. Nikalikata pale pale na kuliangalia.

Nje kijivu, gumu kama kifutio. Katikati jekundu, linachuruzika.

Moto haukuwa unafika ndani. Vipande vya katikati ndivyo vilivyokuwa vikitoa povu. Hapakuwa na mzimu, palikuwa na mimi na haraka zangu.

Nilifurahi. Halafu nikaogopa. Unamwambiaje mtu kwamba mke wake hajarudi?

Mimi si mtu wa maneno. Nilingoja wasichana watoke wote, nikaweka pande jingine mbele yake, nikalikata.

Alilitazama. Akatabasamu.

"Mwanangu, somo hili nimelifundisha tangu hujazaliwa. Nilijua siku ile ile ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunisahihisha.

Akavua miwani. "Mke wangu alipoajiriwa hapa, naye alichemsha pande zima. Likatoa povu, wasichana wakamcheka, akakimbilia stoo hii ya maabara kujificha. Nikamfuata kumweleza kosa lake. Ndivyo tulivyojuana."

Akaifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Sasa povu likipanda, mimi siangalii povu. Nangoja mlango wa stoo."

Ndipo akalia. Waliomzika mkewe walisema hakutoa chozi kaburini. Pale alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikalitungua lile koti jeupe, nikamwekea mapajani.

Siku hizi nakata vipande vidogo kwanza, ndipo nachemsha. Lililochemshwa linatulia tuli, wasichana wanagombania stuli za mbele, na Mwalimu bado anafundisha.

Ila somo la vimeng'enya likifika, pande moja nalichemsha zima. Nalikata, nalipanga mezani pamoja na chupa ya peroksaidi, namwachia Mwalimu, nafunga mlango nyuma yangu.

Nikiwa koridoni husikia mlango wa stoo ukifunguka, polepole.

Stoo huwa nimeifunga, na ufunguo wake pekee ninao mimi, mfukoni. Sijawahi kurudi kuuliza.

Ndugu msomaji, ukimwona mfiwa anatania na tai imenyooka, usiwahi kusema amepoa. Umeona nje tu. Vuta stuli, ukae naye.