Siku Tulipompeleka Mpiganaji Ukweni

Katika daftari la vikao, ambalo niliandika kwa mkono wangu, mpiganaji wa shemeji yangu anaonekana hivi: ukurasa wa kwanza, anapiga. Wa pili, anapiga. Wa tatu, anapiga, halafu anakaa. Huko kukaa kulinipa matumaini, mpaka nilipokumbuka kwamba aliyekaa ni shemeji mwenyewe. Alikuwa amechelewa, na kiti chake kilikuwa bado kinatafutwa.

Mchezo uliletwa Butembo na mwalimu wa Kifaransa wa shule niliyokuwa karani wake. Alikuwa amesoma Ulaya miaka miwili, akarudi na koti zito na sanduku moja la karatasi lenye kitabu. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mnakaa mezani, na kila mtu anachukua mtu mmoja wa hadithi. Mwenye kitabu anawaambia mmefika wapi na mmekutana na nini, nanyi mnasema watu wenu wanafanya nini. Bahati huamua kama mmefaulu. Dadu za sanduku lile zilipotelea safarini, kwa hiyo tuliandika namba kwenye vifuniko ishirini vya chupa za bia, tukavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukitoa cha ishirini, umeshinda. Ukitoa cha kwanza, pole yako.

Tulikutana Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa mwalimu, katika mtaa wa Mususa. Ulikuwa wakati wa vita. Shule ilifungwa wiki mbili, ikafunguliwa moja, na mtu mzima asiye na kazi alikuwa hatari kwa nyumba yake. Tulikuwa wachache, lakini kwetu watu watatu wakikutana mara mbili huunda kamati, nasi tukaunda. Rais alikuwa mama mmoja muuza vitenge. Katika mchezo alikuwa mwizi, kwa sababu, alisema, biashara halali aliifanya wiki nzima. Makamu wake alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, ambaye mtaa mzima ulimwita Docta. Yeye alikuwa na uwezo wa kurusha moto kwa maneno. Kitabu kilimwita mchawi, lakini hakuna aliyetaka neno hilo liandikwe kwenye daftari ambalo askari wangeweza kulisoma siku moja, kwa hiyo niliandika "mwenye elimu ya moto". Mimi sikuwa na mtu wa hadithi. Niliandika ripoti.

Shemeji, mume wa dada yangu, alikosa kikao cha kwanza, akakuta amebaki mpiganaji. Alikuwa dereva wa lori. Askari walilichukua lori lake kwenye barabara ya Beni, mbele kidogo ya Kalunguta, wakasema wanaliazima mpaka Ijumaa. Hawakusema Ijumaa ipi. Tangu siku hiyo alikaa nyumbani akitengeneza vitu vizima. Mlango wa jikoni alikuwa ameufungua bawaba na kuurudisha mara tatu, na sasa ulikuwa haufungi.

Basi, Jumapili moja rais alisoma hoja. Kulikuwa na mpiga picha mwenye kibanda karibu na soko aliyeomba kuingia mchezoni. Meza ilitosha wachezaji watatu tu. Mpiga picha alimtaka mpiganaji, na alikuwa ameandika orodha ya tabia atakazompa: ana kovu, anaogopa maji, anacheka vibaya, analia kwenye harusi.

"Orodha muzuri," alisema Docta.

"Shemeji wa karani," alisema rais, "hatukuchukie. Mais ule mutu wako anapigaka tu. Hata mulango anaupiga."

"Ulikuwa umefungwa," alisema shemeji.

Walimpa Jumapili tatu. Kama mpiganaji hatakuwa mtu, kiti kitakwenda kwa mpiga picha. Hoja ikapita. Shemeji alichukua kopo la maziwa na kuanza kulinyoosha mahali lilipobonyea.

Nilimwambia dada. Alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, huku ameushikilia mlango kwa mguu.

"Bakimufukuza kule," alisema, "nitamuweka wapi? Sasa atafungua na ukuta."

Jumapili ya kwanza shemeji alikuja amejiandaa. Tulipoingia kwenye pango alisema, "Mutu wangu anakohoa." Alikaa vizuri, akingoja kusifiwa. Lakini Docta alikuwa tayari ameweka kalamu mezani.

"Anakohoa tangu lini?"

"Tangu... leo."

"Iko na damu?"

"Hapana."

"Usiku anatokaka jasho?"

Shemeji alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama kitabu. Docta aliuliza kuhusu uzito, hamu ya kula, na watu aliolala nao chumba kimoja. Kisha akatuamuru sote kutoka pangoni na kukaa penye hewa. Ripoti yangu ya siku hiyo inasema: "Pango halikuchunguzwa. Mpiganaji anashukiwa." Hapo hapo shemeji alimponya akampa kilema cha mguu, lakini hicho hakikufika hata nusu saa, maana daftari lilionyesha mguu wa kushoto na yeye alikuwa anachechemea wa kulia.

Kilichotuokoa, au kilichotuharibia kabisa, kilikuwa kitabu chenyewe. Jumapili ile ile mwalimu alitufikisha chini ya mlima. Juu, alisema, anaishi jitu kubwa na ndani ya nyumba yake yumo msichana. Kazi yetu ni kumwua jitu na kumtoa msichana.

Rais aliinua mkono. "Ule binti ni wa nani?"

Mwalimu alisoma. "Ni wa jitu. Amemzaa."

"Donc ni kwao."

"Ndiyo, ni kwao."

"Na siye tunataka kuingia kwa mutu, tumuue, tumubebe mutoto wake." Aliukunja mkono wa kitenge chake taratibu. "Mwalimu, binti wa mutu anaombwaka."

Mwalimu alieleza kwamba kitabu hakina kanuni ya kuposa. Docta alisema kanuni ya kuposa tunayo sisi, haina haja ya kitabu. Walipiga kura. Rais alikuwa mwanamke, Docta alisema mtu wake ana miaka mia mbili, kwa hiyo mchumba hakuweza kuwa mwingine. Shemeji alikuja kushtuka wakati jina la mpiganaji limeshaandikwa.

Tukapanda mlima na kibuyu cha kasikisi, pombe yetu ya ndizi, maana hata jitu hawezi kuendewa mikono mitupu. Mwalimu, ambaye ndiye alipaswa kusemea ukoo wa majitu, alikwama kwenye salamu. Mkewe, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, alishindwa kuvumilia. Alijifuta mikono, akavuta kigoda, akasema yeye ni shangazi wa binti.

Kwetu mchumba hasemi kwenye maongezi ya ukweni. Wanasema waliomleta. Kwa hiyo shemeji alikaa kimya, mikono mapajani, na maisha yote ya mpiganaji wake yakawa midomoni mwa wenzake.

"Huyu kijana yenu," alisema shangazi wa majitu, "anafanyaka kazi gani?"

Rais alinitazama. Nilifungua daftari nikamwonyesha. Aliangalia ukurasa, akageuza, akaangalia mwingine.

"Anapigaka," alisema.

"Anapigaka nani?"

"Kila mutu."

"Na bibi yake?"

"Bibi bado hana."

"Ndiyo, njo maana nauliza."

Docta aliingilia kati, akasema kijana ana afya nzuri, kikohozi kilikuwa cha siku moja tu. Hilo halikusaidia. Shangazi aliuliza baba wa kijana ni nani. Hakuna aliyejua. Akauliza alizaliwa wa ngapi. Kwetu hilo ndilo jambo la kwanza mtu kujua, kwa sababu jina la mtoto hufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Rais alisema wa tatu. Docta, katika pumzi ile ile, alisema wa kwanza.

Mke wa mwalimu alisimama, akarudisha kigoda mahali pake.

"Kasikisi tumekunywa," alisema. "Mutarudi na mbuzi, kumi na mbili. Na mutarudi wakati mutakuwa munamujua mutu wenu."

Tukirudi nyumbani, shemeji alitangulia mpaka darajani. Hapo alisimama, akatazama mbao, akasema mbao mbili zimeoza na lori likipita hapo litaanguka.

Jumapili ya pili ilikuwa ya mbuzi. Mwizi wa rais aliwapata, na aliapa kwamba amewanunua. Ikabidi tuwapandishe mlimani. Ripoti ya siku hiyo ina mstari usio wa mchezo: "Saa tisa, risasi upande wa vilima. Kikao kimehamia chini ya meza. Kimeendelea chini ya meza." Hapo mwalimu, akiwa amekishika kitabu karibu na pua, alisema kwamba vijitu tisa vya pangoni vimetoka chini ya daraja la mlimani na vina mikuki.

"Shemeji, mtu wako anafanya nini?"

Nilikuwa nimeshaandika "anapi".

"Ngoja," alisema shemeji. "Mbuzi ziko wapi?"

"Nyuma yenu."

"Nyuma ya nani? Nani alizifunga?"

Hakuna aliyekuwa amewafunga. Shemeji alisema jambo hilo ni la aibu. Mtu wake akaweka upanga chini na kuwafunga mbuzi wawili wawili, wakubwa mbele, ila yule mweupe asiwekwe karibu na yule wa pembe moja, kwa kuwa hawapatani. Tulikuwa hatujui kama kuna wa pembe moja. Alisema aliwaona tangu asubuhi.

"Docta, hapana washa moto hapa," aliongeza. "Tuko na mizigo ya manyoya."

Mwalimu alikumbusha kuhusu mikuki. Shemeji aliuliza hivyo vijitu vinataka nini hasa. Mwalimu alifikiri, akasema vimeziba njia na vinataka kitu kabla ya kuruhusu mtu kupita.

"Ah," alisema shemeji, na nilimsikia akijiweka vizuri gizani chini ya meza. "Ni barieri."

Mtu wake alivisalimia vijitu kimoja kimoja. Aliuliza mkubwa wao ni nani, akauliza habari za mama wa mkubwa. Alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akasema hana haraka, mbuzi wenyewe wamechoka, na kama wanaweza kulala hapo darajani pamoja na wenyeji wao itakuwa vizuri, ila yule wa pembe moja hunya sana usiku. Mwalimu alitafuta ukurasa. Kitabu hakikuwa na kanuni ya kukaa. Tulivuta kifuniko: kumi na saba. Vijitu vikatupisha, na kimoja kilitusaidia kumvuta mbuzi wa mwisho. Shemeji alilipita daraja kwanza peke yake, ubao kwa ubao, kisha akarudi kuchukua mbuzi.

Tulipotoka chini ya meza niliona kwamba kurasa sita zimejaa na neno "anapiga" halimo.

Jumapili ya tatu mpiga picha alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikiweka karibu na meza, lakini si mezani, na hakuna aliyeweza kusema kwamba amekosea. Mke wa mwalimu alikuwa ameshavaa kitambaa cha heshima.

"Bon," alisema shangazi wa majitu. "Munamujua sasa?"

Rais na Docta walisema pamoja. Ilibidi nigonge meza.

"Anatembeaka mbele akivuka," alisema rais. "Siye tunangoja."

"Alizaliwa wa pili," alisema Docta. "Kaka yake njo alimufundisha kufunga mbuzi. Tulimuuliza."

"Analalaka amekaa. Anasema mutu mwenye mizigo halalake kama mutoto."

"Na anasumbua," alisema Docta. "Hapana danganya bantu, mama, tuseme yote. Kila kitu anataka kukifungua aone ndani. Kitasa ya mulango ya lile pango alikitoa, akakirudisha, sasa hakifunge."

"Na bibi atamupiga?"

Rais alifikiri kwa uaminifu. "Hata wakati wa kumupiga hana," alisema.

Shangazi wa majitu alitoka nje kuwatazama mbuzi, yaani alikwenda mpaka jikoni akarudi. Alisema wako kumi na wawili, wamefungwa vizuri, na binti amekubali. Mwalimu, ambaye siku nzima hakuwa na kazi, alifunga kitabu.

Ikabaki kura ya kiti. Rais aliuliza nani anataka mpiganaji abaki na shemeji. Aliinua mkono yeye, akainua Docta, akainua mke wa mwalimu ambaye hakuwa mwanachama. Shemeji hakujua kama anaruhusiwa, akaweka wake nusu, usawa wa sikio. Mpiga picha pia aliinua. Rais alimwambia hana kura. Alisema anajua, ila anaomba kuuliza kama yule jitu ana binti mwingine, na mwalimu akafungua kitabu tena.

Tulimkuta dada amekaa ameuegemea mlango wa jikoni ili usifunguke. Alimtazama mumewe usoni kabla ya kuuliza.

"Bamekufukuza?"

"Hapana," alisema shemeji. "Kiti ni yangu."

Niliona ni haki aelezwe kwa ukamilifu, nikamsomea ripoti yote, pamoja na mbuzi, shangazi na ndoa. Dada alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Ni murefu namna gani, huyo bibi yake?"

Shemeji alionyesha dari. Dada aliitazama dari kona hadi kona, kisha akainuka kwenda kugeuza chungu.

"Basi atapikia inje," alisema.