Jembe Lililopita Hewani

Binti yangu alipomaliza kidato cha pili, baba yake akasema imetosha, abaki tupalilie migomba. Binti akamjibu, "Baba, ninaweza kumpelekea mama picha kwa mwanga tu. Nikiweza, nirudi shule?"

Mume wangu akacheka. "Mama yako aliyeishia la pili? Haya. Akiipata picha yangu, utarudi."

Akachora kwenye karatasi ya miraba, akamwonyesha binti peke yake. Mimi nikafungiwa kwenye stoo ya kahawa, mchana kweupe lakini giza la kuona vidole tu. Nilikuwa na bakuli la maharage na mkeka uliochorwa miraba kwa chokaa. Binti alijificha nyuma ya magunia na kataa kadogo ka mwanga wa zambarau ka kukagulia noti bandia, alikokaazima kwa mwenye duka wa Nyaishozi. Pembeni yangu alitundika shuka jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga.

"Likiwaka, weka harage. Lisipowaka, ruka mraba. Mwendo wetu ule wa kutwanga, mama."

Karanga tulizitwanga wawili, kinu kimoja, michi miwili. Mwendo niliujua. Kataa ndiko sikukaelewa: kenyewe hakaangazi kitu, shuka linawaka.

Tukiwa katikati, jirani akapita nje. "Shikamoo, mama!"

Ninyamaze? Nikaitikia, nikauliza habari za watoto. Kurudi kwenye mkeka, sijui niko wapi. Nikaendelea tu.

Mume wangu akafungua mlango. "Pembe ziko kwenye kwato!"

"Kwani ni ng'ombe?"

"Alikuwa ng'ombe."

Binti akaanza kulia. Nikamkaripia. "Nyamaza! Nani alikufundisha kuanza kazi bila salamu? Nikipotea nitakupata wapi?"

Akafuta machozi. "Basi kila mstari nitakuamkia kwanza. Mwanga mrefu. Ukiuona, hata kama umepotea, anza mstari mpya."

Nikamwambia mume wangu achore nyingine. Akachora, mlango ukafungwa. Kila mwanga mrefu ulipokuja nikasema "marahaba", nikaanza upya.

Alipofungua, aliinamia mkeka.

"Mpini umevunjika hapa."

"Hapo nilipiga chafya."

"Lakini ni jembe."

"Wewe ulichora nini?"

Akamuuliza binti shule inafunguliwa lini.

Mpaka leo sijui jembe lile lilipitaje hewani. La chuma nikalichukua mimi, nikaenda kupalilia.