Saa Moja kwa Ndege

Kutoka Khorog, mji wetu wa milimani huku Tajikistan, hadi Dushanbe, mji mkuu, ni saa moja kwa ndege. Kwa gari ni saa kumi na tano, kama mlima haujamwaga mawe barabarani. Kwetu hata mtoto mdogo anaijua hesabu hiyo, lakini aliyeijua kuliko wote ni shangazi yangu Zarrinmo, mpishi wa shule, mjane mwenye mtoto mmoja tu.

Mtoto huyo, Imatsho, alikuwa akiishi Dushanbe. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri angeruka kwenda Moscow kufanya kazi ya ujenzi, na wanaokwenda huko hukaa miaka mitatu, minne. Shangazi alitaka kumwona kabla hajaondoka. Hakutaka kingine.

Jumatano ndege ilikuja. Ina viti kumi na saba, na kwenye orodha jina la shangazi lilikuwa la kumi na nane. Mwanamke aliyesimama nyuma yake akamnong'oneza:

"Dada, sema umefiwa. Mwenye msiba hupewa kiti, haulizwi."

"Nimefiwa na nani?"

"Yeyote. Kwani huna mtu Dushanbe?"

"Ninaye mmoja."

"Sasa?"

"Sasa nimuue kwa ajili ya kiti?"

"Haya, baki na ukweli wako," yule mwanamke alisema, akacheka.

Ndege ikapaa. Shangazi aliitazama mpaka ikapotea nyuma ya mlima, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, kungoja ndege ya kesho yake.

Alhamisi anga la Khorog lilikuwa jeupe, bila wingu hata moja. Lakini mawingu yalikuwa yamelala huko mbele, kwenye mianya ya milima ambako ndege hupita, na saa tano ikatangazwa kwamba haiji. Akakimbilia stendi ya magari.

"Mama, panda! Kimebaki kiti cha nyuma," dereva Mamadyor alimwita. "Saa tisa usiku nakushusha Dushanbe."

"Mwanangu anaruka saa kumi na moja."

"Basi una saa mbili nzima za kumlilia. Utamlilia mpaka akukimbie mwenyewe!"

Waliondoka saa sita mchana. Jioni, karibu na Kalai-Khumb, walikuta mawe yameziba njia. Trekta halikuja mpaka kulipoanza kupambazuka. Saa kumi na moja ilipogonga, shangazi alikuwa ndani ya gari lililosimama, simu mkononi, mtandao hakuna. Wenzake walikuwa wamelala. Hakumwamsha mtu.

Saa nne asubuhi walisimama kunywa chai Kulob, mji ulio saa chache kabla ya Dushanbe. Simu ikalia.

"Mama, nimeshatua. Niko Moscow. Wewe uko wapi?"

"Kulob."

"Bado Kulob?" Imatsho aliuliza. Nyuma yake kulisikika watu wengi wakipita. "Huku baridi, mama."

"Vaa sweta."

"Nimevaa."

Wakabaki hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka salio la Imatsho likaisha.

Shangazi alifungua furushi alilokuwa amelipakata tangu Khorog. Ndani mlikuwa na mikate minne na mfuko wa forosadi kavu za mti wa nyumbani. Akavisukuma katikati ya meza.

"Kuleni," aliwaambia abiria. "Zitaharibika."

"Mama, forosadi kavu!" Mamadyor alisema. "Hizi hukaa hata miaka mitano."

"Kuleni tu."